Kabla Hujaamini Asilimia, Soma Swali

Wadogo zangu mnaoanza mwaka huu, iwe ni darasani kwenye somo la siasa za Marekani au kwenye kiti cha mhoji wa simu, nawaandikia kwa sababu nilipoanza mimi hakuna aliyeniambia haya kwa Kiswahili. Nilihoji watu kwa simu huko Ohio kwa miaka minne, jioni baada ya vipindi vya chuo, kisha nikahamia upande wa kuchambua majibu.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Ukimwambia Mtanzania "kura za maoni" anafikiria wanachama wakichuja wagombea ndani ya chama. Mkenya huenda akakumbuka kura ya katiba ya 2010. Ninachozungumzia hapa ni utafiti wa maoni: watu elfu moja hivi wanachaguliwa kwa bahati nasibu na kuulizwa maswali yaleyale kwa maneno yaleyale, ili majibu yao yasimame badala ya watu wazima zaidi ya milioni mia mbili.

Hayo "maneno yaleyale" ndiyo yaliyonifunza kazi. Katika wiki yangu ya pili, mama mmoja wa makamo alinikatiza. Nilikuwa nimemsomea swali kama serikali inatumia fedha nyingi mno, kidogo mno, au za kutosha kwa "welfare". Akauliza, unamaanisha nini hapo? Nami nimelelewa kwamba mkubwa akikuuliza unamjibu, kwa hiyo nikamweleza: ni msaada wa serikali kwa maskini. "Aa, basi ni kidogo mno," akasema. Msimamizi alikuwa anasikiliza simu hiyo. Hakunigombeza. Aliniita pembeni, akaniambia jibu lile halitahesabiwa, kwa sababu nimemuuliza yule mama swali ambalo hakuna mwingine aliyeulizwa. Mtu akitaka maana, unarudia swali lilivyoandikwa, na akisisitiza unamwambia: vyovyote wewe unavyolielewa.

Nilidhani ni ukali wa bure mpaka nilipoona takwimu. Kuna utafiti mkubwa wa kijamii unaoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1972. Kwa miaka mingi wamewagawa wahojiwa: kundi moja linaulizwa kuhusu "welfare", jingine kuhusu "msaada kwa maskini". Wanaosema serikali inatoa kidogo mno ni wengi sana kundi linapoulizwa kuhusu maskini, na wachache kundi linapoulizwa kuhusu "welfare". Fedha ni zilezile, neno tu limebadilika. Mtafiti Martin Gilens alionyesha kwamba kwa Wamarekani weupe wengi neno lile limefungamana na picha ya mtu mweusi anayedhaniwa mvivu. Mimi, kwa kulifasiri, nilikuwa nimelivua neno mzigo wake wote kwa sentensi moja.

Si jambo jipya. Mwaka 1941 Donald Rugg alichapisha matokeo ya jaribio dogo. Watu walioulizwa kama nchi ikataze hotuba za hadhara dhidi ya demokrasia, asilimia 54 walisema ikataze. Wengine wakaulizwa kama iruhusu hotuba hizohizo, na asilimia 75 wakasema isiruhusu. Kukataza na kutoruhusu ni kitu kimoja kwenye kamusi, lakini mdomoni mwa mtu si kitu kimoja hata kidogo. Kwa hiyo ukikutana na habari kwamba "asilimia 60 ya Wamarekani wanataka" jambo fulani, tafuta dodoso lenyewe. Tafiti za kuaminika huliweka wazi. Lisome kwa sauti, kama unamsomea mtu aliyechoka saa mbili usiku, kisha jiulize wewe mwenyewe ungejibu nini.

Tazama pia kama "sijui" ilikuwemo. Huko Cincinnati, George Bishop na wenzake waliwauliza watu maoni yao kuhusu Sheria ya Mambo ya Umma ya 1975, sheria ambayo haikuwahi kuwepo. Takriban theluthi moja walitoa maoni. Nawaomba msiwacheke. Nimekuwa upande wa pili wa simu ile: mtu ameacha chakula mezani, anaulizwa na sauti asiyoijua, hataki kuonekana mjinga, anashika neno moja analolifahamu na kujibu kutoka hapo. Philip Converse aliandika mwaka 1964 kwamba Wamarekani wachache sana ndio wanaopanga mawazo yao ya kisiasa kwa itikadi iliyoungana, na kwamba majibu ya wengi huyumba ukirudi kuwauliza tena. Jambo hilo halina uhusiano na akili ya mtu. Wengi siasa haiko katikati ya maisha yao, ndiyo maana.

Kuhusu nani anayejibu nitasema kwa ufupi, maana vitabu vyenu vitalirudia mara nyingi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba katika uchaguzi wa rais Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Wingi wa majibu haukusaidia kitu. Siku hizi tatizo ni kwamba watu hawapokei simu: taasisi ya utafiti ya Pew ilipata majibu kwa asilimia 36 ya simu zake mwaka 1997, na asilimia 6 tu mwaka 2018. Ndiyo sababu wachambuzi hulazimika kuyapa uzito zaidi majibu ya makundi yaliyopungua, ili yalingane na idadi yao halisi nchini. Mwaka 2016 tafiti nyingi za majimbo hazikufanya marekebisho hayo kwa kiwango cha elimu, na waliosoma hadi chuo, ambao hupenda zaidi kujibu, walikuwa wamejaa upande wa Hillary Clinton, mgombea urais wa Wademokrati, kwa hiyo alionekana ana nguvu kuliko alivyokuwa.

Sasa hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapokosea zaidi. Tunakuja tukiamini kwamba kwetu watu hupiga kura kwa kabila na dini, na kwamba Mmarekani hupima sera kama mtu apimaye mchele kwenye mizani. Kaeni na swali hili, ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wamelirudia tangu 1952: kwa ujumla, huwa unajiona kuwa Mrepublikani, Mdemokrati, asiye na chama, au nini? Halisemi "unaunga mkono", linasema "unajiona". Mzee mmoja alinijibu kwa kujiamini kabisa kwamba hana chama. Swali linalofuata ni kama yuko karibu zaidi na kimoja. "Republican, kama baba yangu," akasema. Kila mgombea niliyemtaja baada ya hapo alichagua wa chama hicho. Wako wengi namna hiyo. Wanaojiita hawana chama ni kundi kubwa, lakini wengi wao wana upande wanaoegemea na hupiga kura karibu sawa na wanachama, kwa hiyo usiwahesabu kuwa katikati.

Chama hurithiwa nyumbani kuliko hata msimamo juu ya sera, na kinazidi kuwa ukoo. Mwaka 1960 Wamarekani walipoulizwa kama wangechukizwa mtoto wao akioa au kuolewa na mtu wa chama kingine, karibu asilimia 5 tu ndio waliosema ndiyo. Kufikia 2010 ilikuwa takriban nusu ya Warepublikani na theluthi ya Wademokrati. Nikiwasomea wenzangu wa Tanga takwimu hii, wanaielewa mara moja bila maelezo.

La mwisho ni kura yenyewe. Watu hudai wamepiga kura wakati hawakupiga, kwa aibu. Unaweza kuhakiki, kwa sababu katika majimbo mengi daftari la wapiga kura linaonyesha nani alijitokeza na lini, ingawa kamwe halisemi alimchagua nani. Katika uchaguzi wa mchujo wa jimbo la Michigan wa Agosti 2006, watafiti walituma barua zikionyesha kama mpokeaji na majirani zake walijitokeza kupiga kura huko nyuma. Kati ya wasiotumiwa kitu, asilimia 29.7 walipiga kura. Kati ya waliopata barua hiyo, asilimia 37.8.

Daftari hilohilo linawahusu ninyi mliofika juzi, na hapa nawasihi kama kaka. Tangu sheria ya 1993, ofisi za leseni za udereva katika majimbo mengi hukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Karani huuliza kwa haraka, na foleni nyuma yako ni ndefu. Mwenye viza au kadi ya ukazi hana haki hiyo kwenye uchaguzi wa taifa. Jina likiingia, linaweza kukuzuia uraia au kukufanya urudishwe nyumbani, hata kama ulitia alama bila kuelewa. Soma fomu yote kabla ya kusaini, na jibu hapana mpaka siku utakayokuwa umekula kiapo cha uraia.