Kuandika msiba bila kujichosha

Pole sana, dada. Unasema unaandika habari za marehemu mama hadi saa nane usiku, na unaamka umeumia zaidi. Usiache kuandika, acha kuandika usiku. Jaribio la kuandika machungu la watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall la mwaka 1986 lilitumia dakika 15 tu kwa siku, siku 4 mfululizo. Hata hao walioandika machungu yao walihuzunika zaidi mara baada ya kuweka kalamu chini; faida ilionekana miezi iliyofuata.

Tega kengele ya simu ya dakika 15, jioni kabla ya chakula. Usianze na "nina huzuni". Anza na kitu cha kushikika: kanga yake, ilipotoboka, nani aliikunja siku ile. Tahajia haina kazi hapa. Siku ya tatu ukijikuta unarudia sentensi zilezile, huko ni kuzunguka, si kusimulia: "mimi" iwe "yeye", halafu ulazimishe "kwa sababu" mara mbili. Tukio likikuzidi, liruke. Karatasi zichane ukitaka. Ukihofia msomaji utaanza kupamba.

Usingizi ukikosekana wiki 2, au ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali mara moja.