Maswali ya wasomaji: Hedi, boksi na waya unaopita katikati

Mwezi huu wapiga besi wamenivamia. Sijui ni msimu wa harusi au nini, ila karibu kila ujumbe ni hedi haielewani na boksi, au waya umeyeyuka, au sauti inakata katikati ya wimbo. Kwa mgeni wa safu hii, hedi ni ampu yenyewe isiyo na spika, boksi ni spika zisizo na ampu, na kati yao unapita waya mmoja ambao hakuna anayeuangalia mpaka siku utakapotoa moshi. Haya twende.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi napiga besi kwenye kwaya hapa Mbeya. Kanisa limetununulia hedi mpya imeandikwa 500W, lakini na boksi letu (spika nne za inchi 10, nyuma imeandikwa 8 omu) sauti sio ya 500 kabisa, kwaya ikiimba yote besi inapotea. Stoo kuna boksi lingine la zamani, spika moja ya inchi 15, hilo ni 4 omu. Mwalimu wa kwaya anasema tuyaunge yote mawili. Pia waya tunaotumia kutoka kwenye hedi ni wa gitaa, una shida? Maana naona plagi ni zilezile.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na la mwisho maana hilo ndo litakuunguzia hedi kabla hata hujafika kwenye omu. Toa huo waya wa gitaa leo, usisubiri Jumapili. Plagi ni zilezile kweli, jeki huku na jeki kule, na hapo ndo wengi tunanaswa. Tafuta waya wa gitaa ulioharibika uukate na wembe uone mwenyewe: katikati kuna uzi mwembamba wa shaba umevikwa plastiki, halafu juu yake kuna kinyavu cha shaba kimeuzunguka kuzuia mivumo ya taa na redio. Umetengenezwa kubeba kitu kidogo sana, signali ya gitaa mara nyingi hata volti moja haifiki. Sasa hedi yako ikitoa 500W kwenye 4 omu, pale unapoipiga kwa nguvu zote, kwenye waya zinapita ampea kama 11, na birika la umeme la wati 2,500 linavuta hizohizo. We ungechemshia chai ya kwaya nzima kwa waya wa gitaa?

Nakwambia hivi kwa sababu yamenikuta. Harusi, Morogoro, waya wa spika nimeusahau nyumbani, nikasema ah, jeki ni jeki, nikachomeka wa gitaa ambao tena karibu na plagi nyuzi zake zilishakatika nusu. Saa nzima poa tu, kufika muda wa keki sauti ikaanza kulegea, nikaushika pale kwenye plagi nikaukuta wa moto na laini kama tambi zilizoiva, na kabla sijafika kwenye swichi uzi wa katikati ukagusana na kinyavu, shoti, hedi kimya, bibi harusi kashika kisu ananiangalia mimi. Bahati yangu hedi ilikuwa na protekti, ile kinga ya ndani inayoizima yenyewe ikila shoti, ikapoa ikawaka tena. Waya wa spika hauna kinyavu, ni nyaya mbili nene zinazolingana zimelala pamoja, basi.

Sasa omu. Ichukulie kama ugumu wa boksi kupitisha umeme, namba ikishuka umeme unapita mwingi zaidi. Ile 500W kwa hedi nyingi ni ya 4 omu, ukichomeka boksi la 8 unapata kama 250 mpaka 300 hivi. Kwa hiyo kanisa halijaibiwa, nusu ya hedi yenu imelala tu haina kazi.

Lakini kuliunga lile la stoo ni jambo lingine. Soketi mbili za nyuma ya hedi kwa kawaida zimeungwa sambamba, yaani chanya na chanya pamoja, hasi na hasi pamoja, na hata ukitoa waya boksi hadi boksi ni sambamba vilevile. 8 na 8 zinakuwa 4. 4 na 4 zinakuwa 2. 8 na 4, ambayo ndo yenu, inakuwa 2.67. Geuza hedi usome maandishi madogo pale kwenye soketi za spika, ikiwa wameandika mwisho wa kushuka ni 4 basi mwisho ni 4, msiunge. Pengine haitakufa siku hiyo, itapata joto, itakata katikati ya pambio, itarudi, itakata tena, na kuna siku haitarudi. Zipo hedi zinazoruhusu 2.67 au hata 2, ila hata hapo boksi la 4 omu linakula wati mara mbili ya lile la 8, yaani kizee cha stoo chenye spika moja ndo kibebe mzigo mkubwa kuliko kijana mwenye spika nne. Mimi nisingefanya.

Mwambieni mwalimu auze hilo la stoo mtafute la pili la 8 omu, likiwa sawa na mlilonalo ndo vizuri kabisa. Hedi itaona 4 omu, wati zitafika 500 na koni za kusukuma hewa zitakuwa mara mbili, hapo mnaongeza kama desibeli 5. Mkinunua hedi yenye nguvu mara mbili mkaiweka kwenye boksi hilihili moja mnapata desibeli 3 tu, mpigaji ataisikia lakini hakuna mama wa kwaya atakayegeuka. Na mkishaunga mawili, kama besi imepungua badala ya kuongezeka, basi boksi moja limeungwa kinyume, moja linasukuma wakati lenzake linavuta. Chomoa waya kwenye hedi, chukua betri ya saa ya ukutani, gusisha kwenye plagi uliyochomoa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kidogo tu, koni zitoke nje. Boksi ambalo koni zinaingia ndani ndo mkorofi wako.

SWALI: Niaje fundi. Nilikuwa Luthuli hapa Nairobi natafuta waya wa spika, jamaa akanionyesha moja ya bei kali ati shaba yake haina oksijeni sauti inatoka safi. Halafu kuna ingine imeandikwa 2.5 na ni rahisi sana, hata nikashuku. Nichukue gani?

JIBU: Poa sana. Ya oksijeni iache hapohapo ilipo. Hiyo 2.5 ni unene wa shaba kwa milimita za mraba. Mita moja ya shaba ya 2.5 ina ukinzani wa kama 0.007 omu, hedi ikikaa juu ya boksi unahitaji mita moja na nusu, kwenda na kurudi ni 0.02, wakati boksi lako ni 4 au 8. Hakuna sikio la kusikia hiyo. Angalia unene na urefu, hadithi muachie muuzaji. Kipande kifupi hata 1.5 inatosha, mimi nachukua 2.5 kwa vile inavumilia kukanyagwa na wapiga ngoma. Ila iwe ya nyuzi nyingi laini, sio ile ngumu wanayozika ukutani, hiyo ukiikunja kila wikendi inakatikia ndani na hutaiona.

Hiyo rahisi sana umeshuku vizuri. Kuna waya mwingi sokoni ambao ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, unauzwa kwa jina la shaba. Mwambie akukatie ncha, kwaruza uzi mmoja kwa kisu: nje nyekundu ndani nyeupe, ni aluminiamu. Nje nyeupe ndani nyekundu ni shaba iliyopakwa bati, hiyo ni nzuri usigombane naye bure. Halafu upime kwa mkono, wa aluminiamu ni mwepesi mno. Sio kwamba haupigi, unapiga, ila ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, na unakatika upesi kwenye skrubu. Kama unauchukua, lipa bei ya aluminiamu.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nipo Tabata. Hedi yangu mpya haina tundu la jeki kwa upande wa spika, ina matundu ya duara tu, boksi langu lina jeki. Nimeambiwa nitafute kibadilishi kidogo cha kuchomeka, ni sawa?

JIBU: Nzuri. Hiyo ni spikoni, imetoka kwa Neutrik wa Liechtenstein tangu 1987, unaingiza unazungusha inajifunga, mwimbaji akijikwaa kwenye waya haichomoki. Na jeki imeondolewa kwa sababu. Kwanza ukiichomoa hedi ikiwa inapiga, ncha yake inaweza kugusa pasipotakiwa ikala shoti. Pili, hizi hedi nyepesi za kilo mbili tatu, nyingi upande wa hasi nao una umeme wake, haujafungwa kwenye chuma cha hedi kama zamani, sasa ganda la chuma la jeki likigusa chuma cha hedi, yamekukuta. Vibadilishi vinalegea, achana navyo. Mpe fundi boksi abadilishe soketi iwe spikoni, ni matundu machache na lehemu kidogo. Kwenye kununua, plagi ya pini mbili inaingia kwenye soketi ya pini nne, ya pini nne haiingii kwenye ya mbili. Ndani ya plagi waya ziende penye alama 1+ na 1-. Nimeshaletewa nyaya "mbovu" sijui ngapi kumbe mtu kaunga 2+.

SWALI: Bwana fundi, mimi ni mpigaji wa dansi wa zamani, nipo Tanga. Mwanangu amenipatia hedi ya valvu ya wati 100 na boksi lisilo na maandishi. Nyuma ya hedi kuna swichi ya 4, 8 na 16. Niiweke wapi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, hongera kwa kupata mtoto mwenye akili. Usiiwashe kwanza. Hedi ya transista ikikosa boksi haina neno, ya valvu, yaani ya zile chupa za kioo zinazowaka ndani, ikipigwa bila boksi, au waya ukakatika ndani, transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua, na transfoma hiyo kuipata ni kazi kweli. Kwa hiyo kwako wewe waya mzima wa spika sio anasa.

Chomeka waya kwenye boksi peke yake, ncha ya pili usiiingize kwenye hedi, pima kwa mita ya fundi ikiwa kwenye 200 omu. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe uone inasoma ngapi, hiyo utaitoa. Boksi la 8 halisomi 8, linasoma kama 5.5 mpaka 7. La 4 linasoma 3 na kitu. La 16 ni kuanzia 10 kwenda juu. Swichi iweke sawa na ulichokipata, usiiache kwenye 16 eti kwa usalama. Ukikuta mita inarukaruka unapoutikisa waya, tupa waya.

Na angalia boksi lina umri gani. Ampeg SVT ilipotoka 1969, wati 300 za valvu, hedi peke yake karibu kilo 40, waliiwekea maboksi mawili, kila moja spika nane za inchi 10, maana spika za wakati ule boksi moja lisingemudu. Wati 100 kwenye spika moja ya miaka hiyo, mzee wangu, anza taratibu.

SWALI: Hedi 600W, boksi 300W, litaungua? (Mombasa)

JIBU: Litaungua ukitaka. Volyumu ni yako. Spika ikianza kukoroma au kugonga kama mtu anapiga mlango, shusha, hasa kama una besi ya nyuzi tano, maana uzi wa tano upo kwenye hezi 31 na boksi dogo huko halifiki, koni inatupwa tu mbele na nyuma. Punguza besi kwenye hedi kabla ya kupunguza volyumu, utashangaa nafasi inayopatikana.

SWALI: Fundi wetu wa bendi ametufungia plagi za umeme za pini tatu kwenye nyaya zote za spika, anasema ni imara na waya ni 2.5 safi. Zinapiga vizuri tu. Kuna ubaya?

JIBU: Waya ni sahihi, plagi hapana. Siku moja kijana wa kubeba vyombo, amechoka, ukumbi hauna taa, ataona plagi ya pini tatu na soketi ya ukutani na atachomeka boksi kwenye volti 230. Au ataishika ile plagi wakati ncha nyingine imeshaingia ukutani. Zikateni zote kabla ya onyesho lijalo, waya wenyewe msiutupe.