Uliza kwanza amekula nini: kwa wadogo zangu wapya wa darasa la sukari

Alhamisi iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la wagonjwa wa sukari, hapa Goma, nikamsikiliza reko mpya, mhamasishaji wa afya wa mtaani, akifundisha. Sauti nzuri, moyo mzuri, bango kubwa ukutani lenye matufaa na kipande cha samaki chekundu. Akawaambia akina mama waliokimbia Masisi na Rutshuru: "Mle mara tano kwa siku, kidogo kidogo." Mama mmoja aliyeketi mbele yangu alimgeukia jirani yake akanong'ona, "Tano?" Wote wawili wakatazama chini.

Mdogo wangu, sikukukatiza kwa sababu wagonjwa walikuwepo. Ila nilirudi nyumbani na kinyongo. Kosa hilo ninalijua, nami nililifanya kabla yako. Basi nawaandikia wote mlioanza mwaka huu.

1. Kabla hujafungua mdomo, muulize mgonjwa jana alikula nini, saa ngapi, na nani alikula naye. Mara nyingi atakujibu bugali na lenga-lenga, yaani mchicha, mara moja, jioni. Fundisha kuanzia hapo. Akipata sambaza, vile visamaki vya ziwani, au maharagi, aanze na hayo na mboga, bugali lifuate na liwe dogo. Matufaa tuwaachie wenye bango.

2. Vinini vya glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, havijui kama mgonjwa amekula. Mnakijua hiki, mmekikariri shuleni. Nami nilikuwa nimekikariri.

Nilikuwa na mama mmoja katika kambi ya upande wa magharibi wa mji, umri wake umeshapita miaka sitini, analea wajukuu wanne. Glisemi yake, yaani sukari ndani ya damu, ilikuwa juu, inacheza kwenye 300. Nilimpa glibenklamidi, nikamwambia kwa ukali wa mtu anayependa: "Mama, usiruke hata siku moja. Hata dunia ianguke, kunywa dawa." Aliniitikia, "Ndiyo, mwanangu." Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Nilimsimamisha mbele ya wenzake wampigie makofi.

Kisha ugawaji wa chakula ukachelewa. Unga ulipobaki kopo moja, aliwapikia wajukuu uji, yeye akanywa maji na kinini chake, kwa sababu nilisema hata dunia ianguke. Siku ya pili vilevile. Alfajiri ya siku ya tatu walimkuta amelowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Majirani wakasema ni karuho, amelishwa sumu. Walitaka kumpeleka kwa mganga wa kutapisha. Mjukuu wake mkubwa, wa miaka kumi hivi, alikimbia akaniita.

Kipimo kilionyesha 38. Nilikoroga sukari, nikamnywesha kidogo kidogo maana bado alikuwa anameza. Baada ya robo saa akafungua macho, akaniita jina. Nilifurahi mno. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, nikawahutubia kwamba si karuho, ni sukari imeshuka, tazameni amepona. Nikapima tena, 96. Nikamruhusu arudi kwenye hema lake.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, wadogo zangu, na ndilo ninalotaka mlibebe. Kosa la kwanza lilikuwa la mafundisho: nilimfundisha dawa bila kumfundisha chakula. La pili lilikuwa la kazi yenyewe. Glibenklamidi inalikamua kongosho litoe insulini siku nzima, na kwa mzee mwenye figo zilizochoka inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Sukari ya kwenye kikombe inakwisha upesi, dawa bado ipo. Mgonjwa wa namna hiyo akizinduka bado hajapona. Anatakiwa ale chakula cha kushiba, apelekwe hospitali, apimwe kila baada ya saa chache usiku na mchana. Mimi nilimpa kikombe kimoja na hotuba.

Jioni ile alikuwa anachochea makala kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Sukari ikashuka tena, akaanguka, mkono wa kuume ukalala juu ya moto. Hakuhisi mapema. Alipona, lakini vidole viwili havikunyooka tena, na mkono huo ndio uliokuwa unasuka vikapu vya kuuza.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilimweleza yote, hatua kwa hatua, kwamba kosa ni langu na si la utii wake. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo siku ambayo sina chakula, nisinywe?" Swali hilo ningelilijibu siku ya kwanza, angekuwa na vidole vyake. Ndiyo mama: siku usiyokula, kinini hiki usinywe, uje utuone. Tulimbadilishia dawa pia. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linasema glibenklamidi haifai kwa waliozidi miaka 60. Mkiikuta kwenye fishi, yaani kadi ya matibabu, ya mzee, msipite kimya, mwambieni muuguzi mkuu siku hiyohiyo.

3. Insulini msiigandishe kamwe. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kichupa kilichofunguliwa kiandikwe tarehe, wiki nne kinatupwa. Asiye na friji msimnyime insulini kwa sababu hiyo: mwaka 2021 MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto la kambi ya Dadaab, Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na insulini ilidumisha nguvu zake kwa wiki nne. Goma si Dadaab, ila chini ya turubai saa saba mchana panaunguza, kwa hiyo afundishwe chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, kivulini.

4. Someni namba kwenye sindano na kwenye kichupa. Insulini ya yuniti 100 kwa mililita ikivutwa kwa sindano ya yuniti 40 kwa mililita, aliyepaswa kupata yuniti 10 anapata 25.

5. Mgonjwa akija na fishi ya ng'ambo ya mpaka imeandikwa 9, msishtuke wala msimkimbize. Hiyo imepimwa kwa milimoli kwa lita, sisi tunapima kwa miligramu kwa desilita. Zidisha kwa 18: ni 162.

6. Anawe mikono kabla ya kutobolewa kidole. Kijana mmoja kipimo chake kilionyesha 410, tukaanza kuhangaika, kumbe alikuwa ametoka kumenya muwa. Alinawa, ikawa 137. Bandeleti moja, kile kijikaratasi cha kupimia, ilipotea, na bandeleti tunazihesabu kama dhahabu.

7. Mwenye insulini tangu utotoni akiugua na kutapika asiache insulini, aletwe.

8. Miguu. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na jiwe la volkano linakata kambambili kama wembe. Ambaye miguu yake imekufa ganzi hajui kwamba anavuja damu. Msiwaambie tu "tunzeni miguu." Vueni viatu vyenu darasani, mwonyesheni kila mmoja namna ya kumpa mjukuu kazi ya kutazama nyayo kila jioni kabla ya giza. Watoto wanaipenda kazi hiyo kuliko mnavyodhani.

Yule mama bado anakuja. Kambi zilipovunjwa mwaka 2025 alipata chumba kwa jamaa, nasi tukampoteza kwa muda, kisha Alhamisi moja akaingia na kitenge chake, kwenye fundo la kitenge amefunga vijiko vinne vya sukari ndani ya kipande cha mfuko. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wengine kufunga. Alhamisi ijayo njooni saa mbili kamili, bango libaki kabatini. Tuna vifurushi thelathini vya kufunga kabla darasa halijaanza, na kwa vidole vyake vile atahitaji mtu wa kumshikia mfuko.