Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Iringa Haihusiani na Iringa?

SWALI: Ndugu Mhariri, tulipokuwa tukijisomea mahusiano kwenye seti, mwenzangu alidai kwamba sifa ya kujirejea ni ya ziada. Alisema: a ikihusiana na b, basi kwa ulinganifu b inahusiana na a, na kwa mpito, yaani kwa kupitia b, a inahusiana na a. Mbona vitabu hudai sifa zote tatu ili uhusiano uitwe uhusiano wa usawa? (Msomaji, Mafinga, Iringa)

JIBU: Ndugu msomaji, vitabu viko sahihi. Hatua zote za mwenzako ni halali. Kasoro iko kabla ya hatua ya kwanza, pale anapochukulia kwamba ipo b ambayo a inahusiana nayo. Uhusiano ni mkusanyiko wa jozi za elementi, yaani vitu vilivyomo katika seti. Ulinganifu na mpito hudai kitu pale tu ambapo tayari pana jozi, ilhali kujirejea hudai kwamba kila elementi ya seti, bila kubakiza hata moja, ihusiane na yenyewe.

Chukua seti ya miji mitatu, Mbeya, Makambako na Iringa, kisha useme kwamba mji x unahusiana na mji y endapo x una stesheni ya TAZARA na y pia unayo. Reli hiyo hupita Makambako na Mbeya bila kufika Iringa mjini, kwa hiyo jozi ni nne tu: (Mbeya, Mbeya), (Mbeya, Makambako), (Makambako, Mbeya) na (Makambako, Makambako). Geuza yoyote, utaikuta humo humo. Unganisha mbili zinazokutana katika mji mmoja, na jozi itakayopatikana imo pia. Hata hivyo (Iringa, Iringa) haimo, na mwenzako hana pa kuanzia hoja yake.

Wala mfano huu si wa kubahatisha. Seti ya elementi tatu ina mahusiano 512. Kati yake 15 yana ulinganifu na mpito kwa pamoja, na katika hayo 15 ni 5 tu yanayojirejea. Uhusiano mtupu, usio na jozi yoyote, umo katika 10 yaliyobaki, ingawa wanafunzi wengi huuona kuwa ni ujanja wa wanasheria.

Akiongeza sharti kwamba kila elementi ihusiane na angalau elementi moja, hoja yake itasimama. Aidha, jozi zilezile nne zikiwekwa juu ya seti ya Mbeya na Makambako pekee, zinajirejea bila tatizo, na huo unakuwa uhusiano wa usawa. Kwa hiyo anayeorodhesha jozi bila kuitaja seti yake hajatupa cha kupima.