Maelezo ya kampuni kwenye mchanganuo wa biashara: andika vitu, mashairi weka pembeni

Ukitaka kujua kama mchanganuo wa biashara umeandikwa na mwenye biashara au umenunuliwa steshenari, usihangaike na mahesabu, nenda moja kwa moja kwenye ile sehemu ya maelezo ya kampuni. Pale ndo watu wanamwaga mashairi. "Sisi ni kampuni ya kizalendo inayokua kwa kasi, yenye timu ya wataalamu wenye weledi, inayolenga kuwa namba moja Afrika Mashariki." Sasa hiyo sentensi ichukue ukaibandike kwenye saluni, kwenye duka la hadwea, kwenye shule ya chekechea, kote inakaa tu vizuri. Ikikaa kote ujue haisemi kitu, ifute.

Mimi nasaidia watu kuandika hizi karatasi, wengi ni wasindikaji wadogo wanaotafuta mkopo, na ninachowaambia siku zote ni kwamba hii sehemu kazi yake ni moja: mtu asiyekujua kabisa akimaliza kusoma awe anajua wewe ni nani kisheria, unafanya nini, unafanyia wapi na uko na nani, na kila ulichosema awe anaweza kukihakiki kwa karatasi uliyoambatanisha nyuma. Basi.

Anza na jina, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo panapoharibikia. Jina liandike kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, herufi kwa herufi, sio lile ulilochora kwenye bango. Halafu sema umesajili nini. Watu kibao wamesajili jina la biashara tu, lakini mchanganuo mzima wanaandika "kampuni yetu, kampuni yetu", wakati jina la biashara halikutenganishi wewe na biashara yako, kisheria mnabaki mtu yule yule na deni lake ni lako mpaka kwenye godoro. Kampuni iliyosajiliwa kwa Sheria ya Makampuni ya 2002 ni nafsi yake yenyewe, ina wanahisa, ina wakurugenzi, ina memati, yaani katiba yake. Ukijiita kampuni afisa mikopo atakuomba memati, na huna, na hapo ashaanza kukuangalia kwa jicho lingine. Kuwa na jina la biashara wala sio aibu jamani, biashara nyingi tu zinakwenda hivyo, we sema ukweli halafu endelea.

Kama ni kikundi kinachoenda kuomba mkopo wa zile asilimia 10 za mapato ya halmashauri, usijiite kampuni kabisa. Ile hela imegawanywa, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kwahiyo sentensi ya kwanza kabisa iseme nyie ni kikundi cha nani, mko wangapi na mmesajiliwa lini. Nimeona maandiko ya vikundi unafika ukurasa wa tatu ndo unagundua kumbe hawa ni vijana.

Vibali navyo vitenganishe, kilichopo na kinachofuatiliwa. TIN, namba ya mlipakodi, ipo, leseni ya halmashauri ipo na inaisha tarehe fulani, TBS, shirika la viwango, maombi yamepelekwa mwezi fulani. Hii ya kuandika "bidhaa zetu zina ubora wa TBS" wakati hata sampuli hujapeleka ni kujichimbia kaburi, mtu anaweza kuuliza namba ya leseni ya alama ya ubora na hapo unabaki unatoa macho.

Sasa shughuli yenyewe. Kuna dada mmoja wa Singida anakamua alizeti, alikuja na karatasi imeandikwa "tunajihusisha na uongezaji thamani wa mazao ya kilimo kwa kutumia teknolojia ya kisasa." Nikamwambia weka karatasi chini kwanza, niambie ukifungua mlango asubuhi unafanya nini. Akaanza kuongea, na vyote alivyoongea havikuwepo kwenye karatasi! Ananunua mbegu kwa wakulima kipindi cha mavuno, ana mashine moja ya kukamua na chujio lake, mafuta anauza kwa madumu ya lita 5 na ndoo za lita 20, wateja wakubwa ni wenye maduka ya jumla na mama ntilie, na mashudu anawauzia wafugaji. Mashudu hata hakuyahesabu kama biashara, kwake ni uchafu unaobaki, wakati ni hela inayoingia kila wiki. Halafu shida yake kubwa ni kwamba ikifika mwishoni mwa mwaka mbegu zimeadimika na bei imepanda, mashine inakaa tu. Tukaandika hivi:

"Tunakamua mafuta ya alizeti Singida mjini na kuyauza kwa maduka ya jumla na wauza chakula, na mashudu tunawauzia wafugaji. Tuna mashine moja na chujio. Mbegu tunanunua kwa wakulima wakati wa mavuno, ila mtaji tulionao hautoshi kununua akiba ya mwaka mzima, hivyo mashine husimama kuanzia mwisho wa mwaka hadi mavuno mengine."

Haina hata neno moja la kujisifu, ila msomaji ashaelewa kwanini anaomba hela mwezi wa tano na sio wa kumi.

Ukubwa nao usidanganye. Sera ya biashara ndogo na za kati ya 2003 imeshaweka vipimo: watu 1 hadi 4 na mtaji wa mashine usiozidi milioni 5 wewe ni biashara ndogo sana, watu 5 hadi 49 na mtaji mpaka milioni 200 ni biashara ndogo. Jiweke ulipo, maana kuna mikopo inayotafuta wadogo na wewe umejikweza umeikosa.

Watu: mkurugenzi mtendaji, mkurugenzi wa fedha na mkurugenzi wa masoko, kumbe ni mke, mume na shemeji. Andika tu mke anashika mauzo na daftari, mume anaendesha mashine na amewahi kufanya kazi kiwandani, fundi tunamwita ikiharibika. Huo uzoefu wa kiwandani una uzito kuliko vyeo vyote vitatu.

Eneo watu wanataja mtaa wanaondoka. Sema umepanga au ni pako, mkataba wa pango unaisha lini, umeme wa fezi tatu upo au bado. Ukiomba mkopo wa miaka mitatu wakati pango linaisha baada ya miezi nane, hilo swali litakuja tu, bora ulijibu mwenyewe kabla.

Dira na dhamira weka sentensi moja moja kama fomu inataka, ikiwa haitaki wala usijisumbue.

Yote hii ukurasa mmoja, ukizidi sana mmoja na nusu, mahesabu yana sehemu yake huko mbele. Ila ukishamaliza mahesabu rudi tena huku ulinganishe, kwa sababu mtu anaandika hapa wafanyakazi 6, anafika kwenye jedwali la mishahara anaweka 9, au mashine huku ni moja kule uchakavu umepigwa wa mashine mbili, na mimi nikipewa mchanganuo wa kuhakiki huwa naanzia hapo hapo.