Je, vitabu vya wafafanuzi vina uzito wa maneno ya Buddha?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Ninahudhuria kikundi cha kutafakari hapa Nairobi, ambapo mwalimu wetu hutufundisha kuhesabu pumzi. Juzi mwenzetu mmoja alimpinga, akisema kwamba Buddha hakufundisha hivyo, na kwamba Abhidhamma, yaani vitabu vinavyochambua mafundisho kwa kina, pamoja na vitabu vya mfafanuzi Buddhaghosa ni kazi ya watawa wa baadaye. Mwalimu alikasirika sana. Ni nani mwenye haki? – Msomaji, South B

JIBU: Kuhusu kuhesabu, mwenzenu amesema kweli. Hotuba ya Buddha juu ya pumzi, Anapanasati Sutta, ina hatua 16 na hakuna hata moja inayotaja hesabu: mtu huvuta pumzi ndefu akajua kuwa ni ndefu, huvuta fupi akajua kuwa ni fupi. Hesabu imo katika Visuddhimagga, kitabu ambacho Buddhaghosa alikiandika Sri Lanka katika karne ya 5, na humo maelekezo ni ya kina, kwamba mtu asikomee chini ya tano wala asivuke kumi. Hata hivyo, si haki kusema kwamba aliyatunga kichwani mwake, kwa maana kazi yake ilikuwa kukusanya fafanuzi za kale zilizotunzwa na watawa wa monasteri ya Mahavihara, mjini Anuradhapura.

Abhidhamma ni suala zito zaidi, kwa kuwa vitabu vyake 7 vimo ndani ya Tipitaka yenyewe, mkusanyo wa maandiko matakatifu ya Kibuddha. Mapokeo ya Theravada, tawi la Ubuddha la Sri Lanka, Thailand na Myanmar, yanasema kwamba Buddha aliifundisha mbinguni, mama yake akiwa miongoni mwa wasikilizaji, kisha akampa mwanafunzi wake Sariputta muhtasari wake. Wanazuoni wengi wa leo wanaiona kuwa zao la vizazi vilivyofuata. Kimojawapo, Kathavatthu, mapokeo hayohayo yanakihusisha na Moggaliputta Tissa, mtawa wa zama za mfalme Asoka wa India, muda mrefu baada ya Buddha, na wafafanuzi wakalazimika kueleza kwamba Buddha alikuwa ameweka vichwa vya mada mapema akijua kwamba Tissa angekuja kuvijaza. Hapo, kwa maoni yangu, utetezi unapwaya.

Wala ubishi huu haukuletwa na wasomi wa Ulaya. Katika India ya kale Wabuddha wa dhehebu la Wasautrantika walishikilia kwamba hotuba ndizo zenye kauli ya mwisho, wakabishana na dhehebu la Wasarvastivada walioitegemea Abhidharma yao (ndilo jina la Abhidhamma kwa Kisanskriti). Nchini Thailand, mtawa Buddhadasa (1906–1993) alipinga waziwazi namna Buddhaghosa alivyoutandaza mnyororo wa visababishi vya mateso juu ya maisha matatu (yaliyopita, haya na yajayo), ilhali kwa jirani zao wa Myanmar watawa hadi leo hutahiniwa katika Abhidhamma.

Kipimo kipo katika Mahaparinibbana Sutta: fundisho linalodaiwa kuwa la Buddha lisipokewe wala lisikataliwe kabla ya kulinganishwa na hotuba na Vinaya, yaani kanuni za watawa. Ila mwenzenu naye akumbuke kwamba hotuba anazozitegemea zilihifadhiwa kwa midomo ya watawa kwa karne kadhaa, hadi zilipoandikwa Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo, na kwamba waliozihifadhi ndio haohao waliorithishana fafanuzi anazozidharau.

Mwalimu wenu angeweza kujibu bila hasira kwamba kuhesabu ni mbinu ya wafafanuzi ya kumtuliza anayeanza, na kwamba Visuddhimagga yenyewe inamtaka mtu aiache hesabu pindi akili inapotulia juu ya pumzi.