Uvungu wa nyumba unanuka na mbao zinabonyea, ning'oe sakafu?

Masika yakikaribia barua zinazokuja kwenye safu hii zinakuwa za nyumba tu, na safari hii nyingi zimetoka huku huku kwetu nyanda za juu kusini. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwasababu kuna mtoto anaumwa humo ndani, na pia kosa ambalo huyu dada anakaribia kulifanya mimi nilishalifanya kwa hela ya mtu mwingine.

Mwagonile fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu nipo Tukuyu. Nyumba tunayoishi tumeachiwa na baba mkwe, ni ya zamani sana, sakafu ya mbao imeinuliwa juu ya nguzo za mawe na chini kuna uvungu mtu anaweza kuingia kwa kutambaa. Toka masika iliyopita chumba cha watoto kinanuka udongo, nguo kwenye begi zinaota ukungu, alafu karibu na mlango ukikanyaga mbao inabonyea. Mdogo wao ana pumu na usiku inambana sana. Fundi wa kwanza kasema tung'oe mbao zote tumwage jamvi la zege, wa pili kasema tubadili mbao tu kisha tupake oili chafu kwa chini. Hela niliyonayo haitoshi yote mawili, nianze na lipi?

Mwagonile dada, na pole sana kwa mtoto. Usianze na lolote kati ya hayo mawili. Hiyo hela ishike kwanza, maana wote wawili wamekuonyesha mbao wakati ugonjwa upo kwenye udongo ulio chini ya hizo mbao.

Iko hivi. Tukuyu mnapata mvua nyingi kuliko karibu sehemu zote za nchi hii, maeneo mengi ya wilaya yenu ya Rungwe yanapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa iyo ardhi yenu haikauki kabisa hata siku jua linawaka na juu vumbi linaruka. Ule unyevu hautulii huko chini, unapanda kama mvuke masaa yote usiku na mchana, sasa sakafu yako imekaa juu yake kama mfuniko kwenye sufuria. Mvuke ukifika kwenye mbao zilizopoa usiku mbao inaunywa, kesho inaunywa tena, mwisho inalowa kwa ndani bila tone la mvua kuigusa. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 fangasi wa kuozesha hawaiwezi, inaweza kukaa miaka mia. Ikipanda ikazidi hapo na ikabaki hivyo muda mrefu ndo inaanza kulainika, na mchwa nao wanapenda mbao ya namna hiyo.

Hewa ya huko chini haiishii huko chini, inapenya kwenye maungio ya mbao inaingia chumbani na ile harufu na vumbi la ukungu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na wameandika wazi kwamba watu wanaoishi kwenye nyumba za hivyo wanapata zaidi matatizo ya kupumua na pumu. Kwa iyo huyo mtoto dawa zake aendelee nazo kama daktari alivyosema, ila hata leo mtoe alale chumba kingine mpaka kazi iishe.

Nikwambie kilichonikuta. Miaka ya nyuma niliitwa nyumba moja maeneo ya mashamba ya chai Mufindi, sakafu imebonyea kama yako. Nilibadili chumba kizima, mbao mpya za paina zilizopigwa dawa, nikapiga randa vizuri, mwenye nyumba akafurahi akanilipa. Masika ya pili akanipigia simu, sakafu inabonyea tena. Siku hiyo ndo nikatambaa uvunguni kwa mara ya kwanza na tochi, nikashika udongo ukanibaki mkononi kama wa kufinyangia vyungu. Bati la nyuma halikuwa na gata, ule mfereji wa kukinga maji ya bati, maji yote yalikuwa yanaangukia ukutani yanaingia chini ya nyumba. Nilimrudishia hela ya ufundi lakini mbao zake zilikuwa zimeshaharibika, na yule mzee alikuwa ameuza ng'ombe kuzinunua. Toka siku hiyo sishiki nyundo kabla sijaingia uvunguni.

Sasa wewe fanya hivi, na utaratibu huu usiugeuze.

Maji ya juu kwanza. Tembea nje mvua ikinyesha uone yanakwenda wapi. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa iyo bati la mita 80 za mraba mvua ikishuka milimita 40 tu, ambayo kwenu masika inaweza kushuka mchana mmoja, unapata lita 3,200, yani simtanki tatu za lita elfu na zaidi, na zote zinamwagika kwenye msingi wako. Weka gata, maji yapeleke kwenye simtanki au kwenye mtaro uliojengewa uende mbali. Udongo unaozunguka nyumba uwe na mteremko wa kwenda nje, ushuke kama sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Nyumba nyingi Rungwe zimekaa kwenye mlima, upande wa juu chimba mtaro unaokatiza ili maji yanayoshuka toka kwa jirani yapite pembeni. Na angalia bomba za bafuni na jikoni, bomba likivuja chini ya sakafu utahangaika na mvua bure.

Ukishamaliza hapo ndo unaingia uvunguni. Zima umeme kwenye meni swichi kwasababu nyumba za zamani waya zinaning'inia huko, vaa buti, glovu, barakoa na nguo ya mikono mirefu, gonga gonga kwanza kwa mti mrefu maana nyoka wanapenda sehemu hizo, na usiingie peke yako. Toa kila kitu, kuni, vipande vya mbao, maboksi, mizizi. Mbao iliyolala kwenye udongo ni daraja la mchwa. Chukua bisibisi uchome mihimili mmoja mmoja, ikizama kirahisi kama kwenye ndizi weka alama kwa chaki, ikigoma hiyo mbao ni nzima hata kama kwa juu imeshika rangi nyeusi. Nyumba za enzi zile mara nyingi zina mbao ngumu sana, usishangae ukakuta sehemu mbovu ni ndogo, pale mlangoni tu.

Kisha funika udongo. Dada, kazi yenyewe ndo hii, yale mengine yote ni ya kuisaidia. Nunua ile nailoni nzito inayotandikwa chini ya jamvi, mafundi wanaita dipiemu, chukua ya geji 1000 ambayo unene wake ni robo milimita, nyepesi itachanika siku ya kwanza ukitambaa juu yake. Sawazisha udongo, toa mawe yenye ncha, tandika ardhi yote bila kuacha upenyo, kipande kimoja kilale juu ya mwenzake sentimita 30 na ubandike kwa gundi ya utepe, pembeni ipandishe ukutani kama sentimita 15 na kwenye kila nguzo ya mawe izungushe uifunge. Juu yake weka mawe laini au matofali machache isipeperuke. Usiibandike kwenye mbao kwa chini kama wengine wanavyofanya, hapo unakuwa umeifungia mbao unyevu wake ndani.

Kama fundi wako anabisha kwamba unyevu hautoki ardhini, kata kipande cha hiyo nailoni mita moja kwa mita moja, tandika juu ya udongo, kandamiza kingo zote kwa mawe muiache siku mbili. Mkifunua mkakuta matone upande wa chini, huo ni wa ardhini.

Baada ya hapo ipe sakafu muda. Kwa hali ya hewa ya Tukuyu subiri miezi miwili mitatu ya kiangazi, ndo ubadili zile ulizoweka alama peke yake, kwa mbao zilizopigwa dawa. Na pale mhimili unapokaa juu ya nguzo ya mawe weka kipande cha bati kilichokunjwa kingo zake zishuke chini, mchwa wakitaka kupanda inabidi wajenge njia yao nje ambapo utaiona.

Kuhusu jamvi, kwako sikushauri kabisa. Utahitaji kifusi kingi kujaza huo uvungu wote, kifusi kinasukuma kuta za zamani ambazo hazikujengwa kubeba uzito wa pembeni, na bila dipiemu unyevu utapanda kwenye jamvi vile vile. Oili chafu nayo inanuka, inashika moto, na udongo utaendelea kutoa mvuke kama kawaida. Mwenye pumu usimlaze juu ya kitu hicho. Ndaga fijo kwa kuuliza kabla hujang'oa.

Kamwene. Mimi nipo Mafinga, nyumba ya mbao chini kuna uvungu wa kama sentimita 60. Nimeziba matundu yote ya ukuta wa chini kwa tofali kwasababu ya baridi ya Juni na panya. Sasa jirani ananiambia nimekosea. Ni kweli?

Kamwene kaka. Ni kweli, yazibue. Baridi naielewa, asubuhi ya Juni Mafinga sakafu inauma miguu, lakini hayo matundu ndo pumzi ya nyumba yako na huku nyanda za juu tuna bahati kiangazi hewa yetu ni kavu, inabeba unyevu inatoka nao. Marekani ambako nyumba za namna hii ni nyingi mno wana kanuni ya kipimo, udongo ukiwa wazi matundu yote kwa pamoja yafikie sehemu moja ya 150 ya eneo la sakafu, ukifunika udongo kwa nailoni wanaruhusu hata mara kumi pungufu ya hapo. Tuseme sakafu yako ni mita 60 za mraba, ukiwa na udongo wazi unatakiwa uwe na sentimita za mraba 4,000 za uwazi, kama matundu kumi ya 20 kwa 20 yasiyozibwa na kitu. Yawe pande zinazotazamana ili upepo uingie huku utokee kule, na pembeni kwenye kona usiache hewa isimame.

Panya wamalize kwa wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, sio neti ya mbu maana wataitafuna. Baridi ipunguze kwa kuziba nyufa za sakafu kwa juu na kuweka zulia. Wapo wanaofunga uvungu kabisa wanaweka na mashine ya kunyonya unyevu, ila hiyo inataka umeme muda wote na udongo uwe umefunikwa bila hata tundu moja. Kuziba kwa tofali na udongo ukiwa wazi ni kuichemsha nyumba yako taratibu.

Mimi nipo Uyole, nyumba yangu ya tofali za kuchoma ina jamvi la kawaida, haina uvungu. Ukuta kwa chini rangi inabanduka na inatoka chumvi nyeupe, nimepaka rangi ya mafuta mara mbili na bado.

Unyevu ule ule kaka, ila kwako unapanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Rangi ya mafuta inaufungia ndani ndo maana inatoka ngozi. Toka nje uangalie kwanza udongo umefika wapi, mara nyingi watu tunajaza kifusi, bustani ya maua au pevu mpaka juu ya msingi na ile dipisi, yani tabaka lililowekwa kati ya msingi na ukuta kuzuia maji yasipande, inakuwa imefukiwa. Ishushe ardhi ibaki sentimita 15 chini ya dipisi, toa lipu iliyoharibika, acha ukuta ukauke kiangazi kizima, na mwisho paka rangi ya maji inayopumua. Kama haikuwekwa dipisi kabisa kazi ni kubwa zaidi, tuma picha za pande zote nne za nyumba nikuambie.

Shikamoo. Nina kuku wanalala uvunguni mwa nyumba Njombe, nikitandika hiyo nailoni wataichana?

Marahaba mwanangu. Wataichana wiki hiyo hiyo, na mbolea yao nayo inaleta unyevu na harufu chini ya vitanda vyenu. Wajengee banda lao nje, hata la mabanzi, sasa hivi kabla Novemba haijafika mvua zikaanza, alafu utandike.